Nani Mwenye Haki ya Kuandika? Data Inayobadilika Kati ya Programu Mbili

Tarehe 14 Agosti 2003, saa 8:14 mchana kwa saa za huko, mfumo wa kengele za tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme cha kampuni ya FirstEnergy, mjini Akron katika jimbo la Ohio nchini Marekani, uliacha kufanya kazi bila kumjulisha mtu yeyote. Skrini ziliendelea kuwaka na namba ziliendelea kuonekana. Kilichokosekana ni kengele peke yake, na kwa mwendeshaji wa gridi ya umeme, kengele isipolia maana yake ni kwamba hali ni shwari. Hali haikuwa shwari hata kidogo. Saa 9:05 laini moja kubwa iliinama kwa joto la mzigo, ikagusa miti iliyoachwa ikue kupita kiasi, ikajikata; saa 9:32 ikafuata ya pili, na saa 9:41 ya tatu. Saa 10:05 laini nyingine ilielemewa na mzigo uliohamia kwake ikakatika, na ilipofika saa 10:13 miji kama New York, Detroit, Cleveland na Toronto ilikuwa imekosa umeme, pamoja na watu takriban milioni 50 wa Marekani na wa jimbo la Ontario nchini Kanada.

Tume ya pamoja ya nchi hizo mbili ilichunguza tukio hilo na kutoa ripoti yake ya mwisho mwezi Aprili 2004. Ripoti hiyo ilitaja sababu kadhaa, ikiwemo miti isiyopunguzwa na waendeshaji waliokosa picha kamili ya gridi yao, kwa hiyo si haki kusema kwamba programu ya kompyuta peke yake ndiyo iliyozima umeme. Hata hivyo, laiti kengele zingelia, waendeshaji wangekuwa na zaidi ya saa nzima ya kuchukua hatua. Mfumo wenyewe uliitwa XA/21, wa kampuni ya General Electric, na kampuni hiyo ilieleza baadaye kilichotokea ndani yake: michakato miwili iliyokuwa ikitumia muundo mmoja wa data ilifanikiwa, kwa kosa la msimbo, kupata ruhusa ya kuandika humo kwa wakati mmoja. Data ikaharibika, na programu ya kengele ikanaswa katika mzunguko usiokuwa na mwisho. Nafasi ya kosa hilo kutokea ilikuwa ya milisekunde tu, na mifumo ya aina hiyo ilikuwa imefanya kazi kwa wateja mbalimbali zaidi ya saa milioni 3, ukiijumlisha yote, bila kosa hilo kujitokeza hata mara moja.

Katika ripoti hiyo kuna jambo jingine ambalo kila ninapolisoma hunifanya nisimame kidogo. Seva kuu ilipoanguka saa 8:41, seva ya akiba ilipokea kazi yake kama ilivyopangwa, lakini programu ya kengele ilihamishwa kama ilivyo, ikiwa bado imekwama, na seva ya akiba nayo ikaanguka dakika 13 baadaye. Akiba iliyorithi hali iliyokwisha kuharibika haikuweza kuokoa chochote, na wanaodhani kwamba mashine ya pili inatosha kuwa kinga dhidi ya makosa ya aina hii wanapaswa kulitafakari jambo hilo.

Kazi yangu mimi ni ya kiwango cha chini sana ukiilinganisha na gridi ya umeme. Ninatunza mifumo ya maduka ya jumla, maghala na zahanati, ambako kompyuta moja iliyowekwa chini ya kaunta inaendesha programu mbili au tatu zinazotegemea data ileile. Lakini kosa ni lilelile. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba, kabla ya kuchagua aina ya kufuli (kizuizi kinachoruhusu programu moja tu kugusa data kwa wakati mmoja) au aina ya hifadhidata, mtengenezaji wa mfumo anapaswa kujibu maswali mawili kwa maandishi: nani mwenye haki ya kuandika kipande hiki cha data, na vitu gani ndani yake lazima vibadilike kwa pamoja. Mifumo mingi niliyokabidhiwa baada ya kuvurugika haikuwa na jibu la swali lolote kati ya hayo mawili, ingawa baadhi yake ilikuwa na makufuli kila kona.

Chukua duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi nililolihudumia. Lilikuwa na programu ya kaunta, anayoitumia karani kuuza, na programu ya pili iliyopokea taarifa za malipo ya simu kutoka kwa mafundi walioagiza mizigo kwa mbali. Zote mbili zilipunguza idadi ya mifuko ya saruji iliyoandikwa katika faili moja. Msimamizi wa stoo ndiye aliyenieleza hali ilivyo, na aliieleza vizuri kuliko nyaraka za mfumo wenyewe: "Kaka, mashine inasema saruji ipo, mteja ameshalipa, na mimi huku stoo nimebaki na sakafu." Aliyeujenga mfumo ule alikuwa ameujaribu kwa uangalifu, programu moja baada ya nyingine, na kila moja ilikuwa sahihi kabisa ikiwa peke yake.

Hebu tuitazame hatua kwa hatua. Faili inasema mifuko ni 120. Programu ya kaunta inasoma 120, kwa kuwa karani anauza 30. Kabla haijaandika, programu ya malipo nayo inasoma 120, kwa kuwa fundi amelipia 50. Kaunta inafanya hesabu yake na kuandika 90. Programu ya malipo inafanya hesabu yake na kuandika 70. Mifuko iliyotoka ni 80, kwa hiyo iliyobaki stoo ni 40, lakini faili inasema 70, na mauzo ya kaunta yamefutika kana kwamba hayakutokea. Hakuna programu iliyokosea kutoa, hakuna ujumbe wa hitilafu uliotolewa, na ukizisoma kumbukumbu za matukio za programu zote mbili utakuta kila kitu kimeandikwa "imefaulu". Kinachosumbua zaidi ni kwamba jambo hili haliwezi kurudiwa kwa makusudi kwa urahisi, kwa sababu linahitaji programu ya pili isome katika upenyo ule mfupi ulio kati ya kusoma na kuandika kwa ile ya kwanza. Siku zenye wateja wachache halitokei. Hutokea siku ya mauzo makubwa, ambayo ndiyo siku mwenye duka hana muda wa kuhesabu stoo.

Wapo wanaoamini kwamba tatizo liko kwenye faili, na kwamba data ikihamishiwa kwenye kumbukumbu ya pamoja ambayo programu zote mbili zinaiona moja kwa moja, upenyo huo utazibika kwa sababu ya kasi. Upenyo hauzibiki. Hata agizo fupi la kuongeza moja kwenye namba iliyo katika kumbukumbu huwa ni hatua tatu kwa kichakataji, yaani kusoma, kujumlisha na kuandika, na kiini kingine cha kichakataji hichohicho kinaweza kuingia katikati. Ndiyo maana watengenezaji wa vichakataji walilazimika kuweka maagizo maalumu yanayofanya hatua hizo kwa mkupuo usiogawanyika. Maagizo hayo ni msaada mkubwa, lakini yanalinda namba moja tu, na data tunayoijali katika maisha ya kila siku ni nadra kuwa namba moja.

Hapo ndipo linapoingia swali la pili, la vitu vinavyopaswa kubadilika pamoja, na mfano ulio bora kuliko yote ninayoijua umo ndani ya simu nyingi za watu wanaosoma makala hii. Android imejengwa juu ya Linux, na kiini cha Linux (hapa si kiini cha kichakataji, bali programu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi) hutunza saa katika sehemu ya kumbukumbu ambayo kila programu inaruhusiwa kuisoma lakini hairuhusiwi kuiandika. Saa hiyo inatolewa kwa vipande viwili, yaani sekunde na nanosekunde. Nanosekunde zinapofika 999,999,999, hatua inayofuata ni kuzirudisha kwenye sifuri na kuongeza sekunde moja. Sasa fikiria programu inayosoma sekunde kabla tu ya badiliko hilo na kusoma nanosekunde mara baada yake: itapata sekunde za zamani na nanosekunde mpya, na kwake muda utakuwa umerudi nyuma karibu sekunde nzima. Kila kipande peke yake ni sahihi, kwani sekunde zile zilikuwepo kweli na nanosekunde zile zilikuwepo kweli. Jozi yake ndiyo ambayo haijawahi kuwepo wakati wowote.

Namna kiini cha Linux kinavyozuia jambo hilo inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu haitumii kufuli lolote kwa upande wa msomaji. Pembeni mwa data kuna kihesabio. Mwandishi, ambaye ni kiini chenyewe, anapotaka kubadilisha saa, kwanza huongeza kihesabio kwa moja, nacho kikawa namba witiri. Kisha hubadilisha vipande vyote. Halafu huongeza tena moja, nacho kikarudi kuwa namba shufwa. Msomaji husoma kihesabio, na akikuta ni witiri hujua kwamba mwandishi yumo kazini, basi husubiri. Akikuta ni shufwa, hunakili data, kisha husoma kihesabio kwa mara ya pili. Ikiwa hakijabadilika, nakala yake ni nzima. Ikiwa kimebadilika, huitupa nakala hiyo na kuanza upya. Wasomaji wanaweza kuwa elfu kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja anayemchelewesha mwandishi. Ninapenda mbinu hii kwa sababu inakiri wazi kwamba msomaji anaweza kuona hali ya nusunusu, na badala ya kutumaini kwamba haitatokea, inampa njia ya kuitambua na kuikataa.

Uzuri wote huo, hata hivyo, unasimama juu ya sharti moja, kwamba mwandishi ni mmoja. Wakiwa waandishi wawili, kila mmoja ataongeza kihesabio kwa wakati wake, na namba shufwa haitakuwa tena dalili ya data iliyokamilika. Ninarudi kwenye swali la kwanza, basi, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba ukilijibu vizuri, nusu ya kazi ya makufuli inatoweka. Katika lile duka la vifaa vya ujenzi, hapakuwa na sababu ya msingi kwa programu ya malipo kugusa idadi ya saruji. Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa kwamba fulani amelipa kiasi fulani. Ilitosha iitume taarifa hiyo kwa programu moja inayomiliki stoo, nayo kaunta ifanye vivyo hivyo, na mmiliki huyo ashughulikie maombi moja baada ya jingine kama yalivyofika. Mifuko 120 ikawa 90, kisha 40, na hapakuwa na namna ya mauzo ya mmoja kufuta mauzo ya mwenzake.

Njia ya kupitishia ujumbe huo si ngeni. Mifumo ya Unix imekuwa na bomba la kuunganisha programu tangu mwaka 1973, kwa msukumo wa Doug McIlroy wa maabara ya Bell Labs nchini Marekani, na soketi za siku hizi zinafanya kazi hiyo kwa njia mbili. Kuna jambo dogo la kuzingatia ikiwa waandishi kadhaa wanatumia bomba moja: ujumbe mfupi huingia ukiwa mzima, lakini ujumbe mrefu unaweza kuchanganyika na wa mwenzake. Mpaka wake kwenye Linux ni baiti 4,096, na kiwango cha POSIX, yaani kanuni za pamoja za mifumo ya aina ya Unix, kinahakikisha baiti 512 tu. Mwenye kutuma taarifa ya malipo yenye herufi mia mbili hana wasiwasi. Mwenye kutuma orodha nzima ya bidhaa anatakiwa kuwa na wasiwasi.

Wakati mwingine mwandishi ni mmoja, msomaji ni mwingine, na kinachoshirikiwa ni faili ya kawaida, kwa mfano orodha ya bei ambayo ofisi huibadilisha asubuhi na kaunta huisoma mchana kutwa. Hapa dawa ni nyepesi kiasi kwamba inasikitisha kuona jinsi isivyotumika. Usiiandike faili ile ile juu kwa juu. Andika faili mpya yenye jina la muda katika saraka hiyohiyo, hakikisha imeshuka yote kwenye diski kwa agizo la fsync, kisha ibadilishe jina kwa agizo la rename ili ichukue nafasi ya ile ya zamani. Kubadilisha jina ndani ya mfumo mmoja wa faili ni tendo lisilogawanyika: anayefungua kabla yake atapata bei zote za jana, anayefungua baada yake atapata bei zote za leo, na aliyekwisha kuifungua ya zamani ataendelea kuisoma ya zamani hadi amalize. Faili ya muda ikiwekwa kwenye diski nyingine uhakika huo unapotea, kwa kuwa huko hakuna kubadilisha jina tena bali kunakili, na hapo tumerudi tulikotoka.

Lakini kuna data ambayo kwa asili yake ina waandishi zaidi ya mmoja, na kumlazimisha kila mtu apitie kwa mmiliki mmoja kungeleta mzunguko mrefu usio na faida. Kwa hali hiyo ushauri wangu ni hifadhidata, na kwa kompyuta moja ya dukani hifadhidata hiyo ni SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000. Tangu toleo la 3.7.0 la mwaka 2010, SQLite ina namna ya kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili ya pembeni, ambapo wasomaji hawamzuii mwandishi wala mwandishi hawazuii wasomaji, na mwandishi kwa wakati wowote ni mmoja tu. Wapo wanaolilalamikia sharti hilo la mwandishi mmoja. Mimi naliona kuwa ni neema kwa mfumo mdogo, kwa sababu ndilo linaloondoa aina nzima ya makosa.

Nitaingia ndani kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapoteleza wakiamini kwamba kutumia hifadhidata kunatosha. Programu inayosoma idadi ya mifuko kwa muamala mmoja (yaani kundi la maagizo ambayo hifadhidata huyakamilisha yote au huyafuta yote), ikaufunga, ikafanya hesabu yake, kisha ikafungua muamala wa pili na kuandika namba iliyoipata, haijalindwa na chochote. Imejenga upya upenyo uleule ndani ya hifadhidata. Kusoma na kuandika lazima viwe ndani ya muamala mmoja, na muamala huo utangazwe tangu mwanzo kuwa ni wa kuandika, jambo ambalo SQLite inalitekeleza kwa agizo la BEGIN IMMEDIATE. Usipoutangaza, muamala wako utaanza kama wa msomaji, na ukitaka kuandika baada ya mwingine kuandika, SQLite itakukatalia papo hapo, kwa sababu ulichokisoma kimekwisha kupitwa na wakati. Kukataliwa huko ni ulinzi halisi. Nimeona msimbo unaopuuza ulinzi huo kwa kurudia agizo la kuandika peke yake bila kurudia kusoma, ambako ni sawa na kumwambia mlinzi asogee. Linalofaa ni kuuvunja muamala wote na kuanza upya kwenye kusoma. Tahadhari nyingine ni kwamba namna hii ya uandishi inahitaji programu zote ziwe kwenye kompyuta moja, kwa vile zinaratibiana kupitia kumbukumbu ya pamoja. Kuiweka hifadhidata hiyo kwenye folda ya mtandao ili matawi mawili yaishiriki ni kuomba matatizo.

Nimeyaacha makufuli yawe ya mwisho kwa makusudi, ijapokuwa historia yake ndiyo historia ya uwanja huu. Mwaka 1965 mtaalamu wa kompyuta Edsger Dijkstra, akiwa Eindhoven nchini Uholanzi, alichapisha ufumbuzi wa tatizo la kompyuta nyingi zinazotumia kumbukumbu moja ambapo moja tu inaruhusiwa kuwa ndani ya sehemu nyeti kwa wakati wowote. Ufumbuzi wa kompyuta mbili ulikuwa umepatikana kabla yake na Mholanzi mwenzake, Dekker, na Dijkstra alimtaja kwa heshima. Mwaka 1974 mtaalamu mwingine, Leslie Lamport, alitoa njia ya kupeana namba za foleni, yenye sifa ya ajabu kwamba hubaki sahihi hata kama anayesoma namba wakati inaandikwa atapata thamani yoyote ile. Ninawahimiza vijana wazisome kazi hizi, kwa sababu zinamfundisha mtu kufikiri juu ya kila mpishano unaowezekana. Ila wasizinakili kwenye programu za leo kama zilivyo. Zilidhani kwamba kilichoandikwa kinaonekana kwa wote mara moja na kwa mpangilio ulioandikwa, ilhali vichakataji vya sasa huweka maandishi katika bafa (hifadhi ndogo ya muda) kwanza na huweza kusoma mahali pengine kabla maandishi hayo hayajaonekana na kiini kingine cha kichakataji. Njia ya Dekker, ikiandikwa bila maagizo ya kuzuia mpishano huo, inaweza kuziruhusu programu zote mbili kuingia pamoja. Makufuli yanayotolewa na mfumo endeshi tayari yana vizuizi hivyo ndani yake, na hiyo ni sababu tosha ya kutojitengenezea lako.

Kwa programu mbili zinazojitegemea kuna tatizo ambalo nyuzi za programu moja, yaani kazi zinazoenda sambamba ndani yake, hazina kwa kiwango hicho: mmoja anaweza kufa akiwa ameshika kufuli. Karani anapoifunga programu kwa nguvu kwa sababu imechelewa, mwenye kufuli hutoweka na kufuli huweza kubaki. Kufuli la faili huachiliwa na kiini cha mfumo endeshi programu inapokufa, na hilo ni jema, ingawa kufuli la kale la POSIX lina tabia mbaya ya kuachiliwa pia pale programu inapofunga nakala yoyote ya faili hiyo, hata iliyofunguliwa na maktaba ambayo mwandishi wa programu hana habari nayo. Kufuli lililo ndani ya kumbukumbu ya pamoja haliachiliwi na mtu, isipokuwa limetengenezwa kwa aina ya kustahimili kifo. Aina hiyo ipo kwenye Linux, nayo humpa anayefuata kufuli pamoja na taarifa kwamba aliyekuwa nalo amekufa. Watu huifurahia taarifa hiyo kama njia ya kuendelea na kazi. Maana yake halisi ni nzito zaidi: data unayoikuta humo ndani huenda imebadilishwa nusu, na ni wajibu wako kuikagua na kuirekebisha kabla ya kuigusa. Ukiwa hujaandika popote vitu gani vinapaswa kulingana, utaikagua kwa kipimo gani?

Makufuli yakizidi moja huja mkwamo, ambapo huyu ameshika la kwanza akingoja la pili na yule ameshika la pili akingoja la kwanza. Kinga yake ni programu zote kuyashika kwa mpangilio mmoja. Na hata likiwa moja, kufuli linaweza kudhuru kwa njia isiyotarajiwa. Chombo cha Mars Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai 1997, kilianza kujiwasha upya chenyewe mara kwa mara kwa sababu kazi ya kipaumbele cha chini, ya kukusanya data za hali ya hewa, ilishika kufuli lililohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, halafu kazi za kipaumbele cha kati zikaizuia ile ya chini isimalize. Wahandisi walilitatua tatizo hilo kutoka duniani kwa kuwasha uwezo ambao tayari ulikuwemo, wa kumpa mwenye kufuli kipaumbele cha anayemsubiri.

Sasa nije kwenye upimaji, kwa kuwa ndiko ninakoona pengo kubwa zaidi katika kazi za kwetu. Wahandisi wa XA/21 walipoitafuta hitilafu ile, kuuendesha mfumo kwa kasi yake ya kawaida hakukuwafikisha popote. Waliipata baada ya kuweka ucheleweshaji wa makusudi ndani ya msimbo huku wakiumiminia mfumo kengele, na kazi hiyo iliwachukua majuma kadhaa. Mbinu hiyo haihitaji maabara. Kila mahali ambapo programu yako inasoma kitu na baadaye kuandika kutokana na ilichokisoma, weka usingizi wa sekunde 5 katikati, endesha programu ya pili kwa mkono wako, na utazame namba. Upenyo wa milisekunde ambao ungekusubirisha miaka mitatu utauona kabla chai haijapoa.

Jaribio la pili ninalolifanya kwa kila mfumo ni la kuua. Ninaisimamisha programu kwa agizo lisilopingika, kill -9, katika kila hatua ya muamala, kisha ninaiwasha tena na kuihesabu stoo. Katika lile duka la vifaa vya ujenzi, baada ya marekebisho, programu ya kumiliki stoo, ambayo sasa inatunza idadi kwenye SQLite, ilipouawa katikati, SQLite ilirudisha idadi ya mifuko pale ilipokuwa, kama inavyopaswa, na taarifa ya malipo ilibaki kwenye foleni ikisubiri kushughulikiwa tena. Lakini ilipouawa baada ya muamala kukamilika na kabla ya taarifa kuondolewa kwenye foleni, taarifa hiyohiyo ilishughulikiwa mara mbili, na fundi mmoja wa mfano akatolewa mifuko 100 kwa malipo ya 50. Kufuli lisingesaidia hapo, kwa kuwa hapakuwa na programu mbili zilizogongana. Programu moja ilikutana na kazi ambayo yenyewe ilikwisha kuifanya kabla ya kuuawa. Kila malipo ya simu huja na namba yake ya muamala, kwa hiyo namba hiyo sasa inaandikwa katika jedwali lenye sharti la kutorudiwa, ndani ya muamala uleule unaopunguza saruji. Taarifa ikija mara ya pili, jedwali linaikataa, upunguzaji wa mifuko unafutwa pamoja nayo, na programu inaiondoa kwenye foleni na kuendelea na inayofuata.